Ile Kamera ya Chuma

Wallahi sikwenda kwenye mazishi ya Bwana Lubowa kutafuta ugomvi. Alikuwa mkubwa wangu wa kazi, na kwa watu wa umri wangu mkubwa wa kazi akifa unakwenda, unakaa chini ya turubai, unakula unachopewa, unarudi nyumbani. Nilikuwa nimeketi hapo kwake Kasubi, sahani ya matoke mapajani, wakati mpwa wake mmoja mwenye suti aliposhika kipaza sauti. Akasema kwamba katika miaka ile ya wanajeshi mzee aliongoza sehemu ya picha serikalini, na aliwalinda wafanyakazi wake wote, hata mmoja hakupotea. Hata mmoja! Watu wakapiga makofi. Mimi niliinuka nikaingia ndani kuomba maji, maana nilijua nikibaki pale nitapiga kelele. Na huko sebuleni, juu ya televisheni, nikaiona picha yangu katika fremu ya rangi ya dhahabu: lile jengo la ofisi la Nakawa, ghorofa sita, kuta zimesimama wima, hakuna hata moja iliyolala. Wasichana wawili walikuwa wanaitazama. "Ona mistari ilivyonyooka," mmoja akamwambia mwenzake. "Babu alikuwa fundi." Babu alikuwa fundi! Nyoo! Babu hakujua hata kutia filamu kwenye kamera.

Basi nitasema mimi, kwa kuwa mpwa mwenye suti hatasema. Sehemu ya picha ilikuwa vyumba vitatu nyuma ya jengo kubwa la serikali. Kimoja cha Lubowa, kimoja cha giza ambamo tulisafisha picha, na kimoja chetu, mimi na Odong. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, binti wa Kinubi, gurbaba yangu, lile shuka la wanawake wa Kinubi, mabegani, nimefundishwa kazi na mtu aliyekwisha kuondoka nchini. Odong alikuwa ananizidi umri na ananizidi kazi. Huyo ndiye aliyekuwa fundi. Alikuwa Mwacholi, mtu wa sauti ndogo. Lugha yetu ilikuwa Kiswahili, hiki chetu cha Kampala, kwa sababu mimi sikujua Kiacholi na yeye Kinubi kilimchekesha tu. Saa saba tuliweka chakula mezani kati ya vitabu vya risiti na chupa za dawa. Mimi nilileta kisra, mikate yetu myembamba ya mtama, na mchuzi, yeye alikuja na kopo la bati ambalo mke wake Aber alikuwa amelitia alama ya rangi nyekundu kwenye kifuniko, ndani yake viazi vitamu na mboga za boo, yaani majani ya kunde, zilizopikwa kwa simsim. Tulibadilishana bila kuulizana. Mpaka leo simsim ikikaangwa nyumba ya jirani mimi hufunga dirisha.

Ule ulikuwa mwaka ambao Wahindi walikwisha kufukuzwa na maduka yao yamegawiwa watu, na jina la mtu lilitosha kumpeleka mahali asikorudi. Majina ya Kiacholi na ya Kilango ndiyo yaliyotangulia. Sisi Wanubi tulionekana ni watu wa serikali, na nisijitie hamnazo hapa: nilifaidika. Siku moja tulirudi kutoka kupiga picha shule moja kule Kyebando, tukiwa na kamera ndogo ya kutundika shingoni, tukakuta wamefunga njia. Askari akaja kwenye dirisha la gari.

"Wewe, mama, natoka wapi?"

"Salaam aleikum, afande. Tunatoka kazini, kazi ya serikali."

Alisikia lafudhi yangu, uso ukalegea. Kisha akamtazama Odong. "Na hii? Kabila gani?"

"Huyo mbebaji wangu," nikasema haraka. "Anabeba mizigo tu."

Odong akainamisha kichwa, akauweka mfuko wangu begani ingawa tulikuwa tumekaa kwenye gari na mfuko wenyewe haukuwa na uzito wa kuku. Askari akacheka, akatupungia mkono tupite. Mbele kidogo Odong akasema, "Asante, mkubwa wangu. Leo umenifanya mbebaji." Nilicheka. Yeye hakucheka, alikuwa anafuta viganja vyake kwenye suruali. Naandika jambo hili kusudi, ili asije mtu akasema sikujua hatari yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. Nilijua, tena nilijua wiki mbili kabla ya kuchagua kamera.

Amri ilikuwa imeshuka kutoka juu: inatakiwa albamu ya picha za nchi, ya kuwapa wageni wakubwa. Majengo mapya ya Kampala, na milima na mito na ziwa. Picha ziwe kubwa, za kujaza ukurasa, hivyo kamera za shingoni hazikufaa. Ilitakiwa kamera kubwa, zile za kusimamishwa juu ya miguu mitatu, unajifunika kitambaa cheusi kichwani na kuitazama picha kwenye kioo cha nyuma, juu chini, ndipo unatia kipande kimoja cha filamu, kikubwa kama kadi ya posta, na kupiga. Lubowa akatupeleka kwenye studio moja iliyofungwa mjini. Mwenye studio alikuwa amefukuzwa pamoja na Wahindi wenzake. Kwenye chumba cha nyuma kalenda yake ilikuwa bado ukutani, na juu ya meza palikuwa na kikombe, chai imekaukia chini ikawa utando wa kahawia. Lubowa akakisogeza kwa kidole ili aweke faili lake.

"Kale, haya," akasema, "kuna kamela mbili. Sisi nachukua moja. Ile nyingine kuna afande mmoja naitaka kwa nyumba yake. Mwambie mimi ni gani."

Ya kwanza ilikuwa ya mbao, mbao nyekundu na shaba, inakunjwa ikawa sanduku dogo unalolishika mkono mmoja. Odong aliifungua, akaisimamisha, akaifunga tena, na mimi sikuwa hata nimemaliza kuondoa vumbi kwenye ile ya pili. Ile ya pili ilikuwa ya chuma. Haikunjwi. Ilikaa juu ya reli yake ndefu, mbele lenzi, nyuma kioo, katikati ngozi yenye mikunjo kama kodiani, na kila upande uliweza kuupandisha, kuushusha, kuusogeza, kuupinda. Kubeba ni watu wawili. Kuisimamisha na kuipanga ni dakika ishirini ukiwa hodari. Lakini mtu yeyote aliyepiga picha ya jengo refu anajua shida yake: ukiinua kamera juu, jengo linalala kinyumenyume kama linataka kuanguka. Ile ya chuma inapandisha lenzi peke yake, kamera inabaki wima, na jengo linasimama. Ile ya mbao nayo ilipanda, lakini kidogo, ghorofa mbili tatu basi. Niliijaribu pale pale dirishani, nikajifunika kitambaa, nikatazama nyumba ya ng'ambo ya barabara ikinyooka polepole kwenye kioo mbele ya macho yangu. Nilikuwa kijana, na nilitaka picha zangu ziwe bora kuliko za Mzungu yeyote aliyewahi kupita hapa.

"Zubeda," Odong akasema, "hii ya mbao iko mzuri. Milima, ziwa, yote nafanya. Nyumba refu tunarudi nyuma kidogo, tunapanda juu ya kitu."

"Na mistari ikilala?"

"Ilale kidogo. Hii mtu anaweza kufunga, kuondoka." Akaipiga kamera ya chuma kwa kucha ya kidole. "Hii nyingine mtu anafungwa nayo."

Nikamjibu nini? Nisikilize vizuri mimi mwenyewe hapa, bibi mwenye mvi. Nilimwambia, mbele ya Lubowa, "Umekuwa mwoga siku hizi, Odong." Nikacheka. Nilimfanyia mzaha mtu ambaye nilikuwa nimemwita mbebaji ili aishi. Alinitazama, akaikunja ile kamera ya mbao, akafunga kile kitasa chake cha shaba, akairudisha kwenye rafu taratibu. "Basi hiyo," akasema. "Wewe ndiye unajua majengo." Na Lubowa akaandika kwenye faili lake: ya chuma. Yeye hakujali, angeandika hata tungechagua kikombe.

Ukifanya kazi na kamera ya namna ile kuna sheria moja, na Odong ndiye aliyenifundisha. Aliye chini ya kitambaa haoni kitu ila kioo. Hamwoni anayekuja, hajui gari gani limesimama. Kwa hiyo mwenzake ndiye macho yake, naye hamwachi hata iweje. Kukiwa na neno, anagonga mguu wa stendi mara mbili, na wa chini anatoka. Tulizoea hivyo kwa wiki kadhaa, kwenye vilima vya Kasubi na kando ya ziwa, yeye akipiga mandhari na mimi nikilinda, kisha tunapokezana. Alipokuwa yeye chini ya kitambaa nilijiona kama askari anayelinda mlango. Alipogonga yeye, nilitoka. Mara zote nilitoka, isipokuwa ile moja.

Siku mbili kabla ya kwenda Nakawa nilikuwa kwenye chumba cha giza nasafisha filamu. Ukuta uliokitenga na ofisi ya Lubowa ulikuwa wa ubao mwembamba, ukikohoa huku anakuambia pole kule. Nikamsikia anamsomea mpiga chapa barua ya ruhusa. "Andika Bi Zubeda," akasema, "na musaidizi moja." Mpiga chapa akauliza jina la msaidizi. "Wacha jina. Jina kama ile likifika huko juu naleta maneno kwa mimi. Andika musaidizi moja." Nilisikia kila neno, mikono yangu ikiwa ndani ya maji ya dawa. Nikajiambia pengine ni vizuri, jina lake likikaa mbali na makaratasi ya wakubwa. Nikajiambia hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kutoka na mikono inayochuruzika nikaingia ofisini kwake na kumwambia: weka jina la mtu huyu, au uende ukashike kitambaa wewe mwenyewe.

Nakawa tulifika asubuhi, jua likiwa limelipata jengo kwa ubavu. Tuliiweka kamera ukingoni mwa barabara, soko likiwa nyuma yetu, hatua thelathini hivi, watu wamejaa wakigombania chumvi na sabuni vilivyokuwa vimeadimika. Odong aliweka kopo lake la chakula chini ya stendi, kivulini. Nikaingia chini ya kitambaa. Ukuta wa kushoto ulikuwa unakataa kunyooka. Nikapandisha lenzi, nikapinda nyuma kidogo, nikarudisha. Nikasikia mguu wa stendi unagongwa: mara mbili.

"Ngoja," nikasema. "Ukuta bado."

Akagonga tena mara mbili.

"Ngoja bwana! Dakika moja!"

Odong alikuwa ameshaliona gari linalokuja, na soko lilikuwa hatua thelathini. Nimezipima hatua hizo baadaye kwa miguu yangu, mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Yeye, aliyelelewa kuwinda huko kwao kaskazini, angezimaliza kabla mlango wa gari haujafunguka, akaingia kati ya watu wale, na nani angempata? Lakini mimi nilikuwa chini ya kitambaa, na sheria ilikuwa yake mwenyewe. Hakuniacha. Mara ya tatu hakugonga, alikivuta kile kitambaa, na nilipoinua kichwa kwa hasira, tayari kumtukana, kulikuwa na wanaume watatu wamesimama mbele yetu, wawili wenye shati za kitenge na miwani myeusi, mmoja mwenye magwanda.

Nilitoa salamu zangu zote. Nilitoa barua. Yule wa magwanda aliisoma kwa kidole, neno kwa neno. "Zubeda ni wewe. Hii nani?"

"Huyo ndiye msaidizi, afande."

"Jina yake iko wapi hapa?"

"Imeandikwa msaidizi mmoja."

"Mimi nauliza jina." Akamgeukia Odong. "Wewe, jina?"

Odong akasema jina lake. Hakulipunguza wala hakulificha. Wale wawili wakatazamana. "Kuja kidogo," wakamwambia, "maneno mbili tu." Nikasema kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili na kwa Kinubi, kwamba huyu ni mtu wa serikali, kwamba bila yeye kazi haiendi, kwamba nitamlalamikia mkubwa wao. Yule wa magwanda akanirudishia barua, tena kwa adabu, afadhali angenipiga. "Mama, piga picha yako. Ni kazi ya Rais. Piga, yeye narudi sasa hivi." Wakamwongoza hadi kwenye gari lao, lililokuwa limesimama mbele ya mlango wa jengo. Wakamsimamisha pale, karibu na ukuta, wakati mmoja akifungua buti.

Nami nikapiga. Nilitia filamu, nikavuta kifuniko chake, nikafyatua. Mikono ilijua kazi yake hata bila mimi. Nilijua kabisa kwamba Odong yumo kwenye picha. Ningependa kusema nilitaka ushahidi, na kwa kuwa hakuna wa kunibishia ningeweza kulisema hilo likapita. Kweli yenyewe sijui. Nilifikiri nikitii watamrudisha. Gari liliondoka naye likielekea mjini, na mimi nikabaki na chuma kile cha watu wawili ambacho sikuweza kukibeba peke yangu, na kopo la bati chini yake, viazi bado vya moto.

Lubowa hakupiga simu hata moja. Nilimsihi, nikalia, nikamwambia nitakwenda mwenyewe, akafunga mlango. "Nnyabo, mama, wewe nataka sisi wote tukufe?" Kisha akataka kuona kazi. Negativu kubwa kiasi kile haifichi kitu: ukiweka lenzi ya kukuzia unaona vifungo vya shati. Odong alikuwa wazi kabisa, watu wengine waliotembea walikuwa ukungu, yeye tu ndiye aliyesimama tuli, ananitazama. Na namba ya gari ilisomeka. "Ondoa," Lubowa akasema. "Gari na yeye." Nilikataa mara moja. Alisema mara ya pili, akataja mahali mama yangu anapokaa. Basi nikashika wembe na penseli laini, nikakwangua na kujaza, nikakwangua na kujaza, mpaka pakawa ukuta. Ilinichukua saa mbili kumwondoa. Odong mwenyewe ndiye aliyenifundisha kazi hiyo ya wembe.

Siku ya tatu Aber alikuja ofisini, mtoto mgongoni. Alikulia kambi ya polisi, Kiswahili chake kilinishinda mimi. Aliuliza jambo moja tu: mume wangu alikuja kazini juzi? Lubowa akasema hapana, hatukumwona, pengine amekwenda kwao kaskazini. Akanitazama mimi. Nami nikatazama sakafu. Aber hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anatazama rafu nyuma ya kichwa changu, nilikokuwa nimeliweka lile kopo, limeoshwa, alama nyekundu ya kifuniko ikionekana. Halafu akasema, "Asanteni," akamweka mtoto vizuri mgongoni, akatoka. Hakuliomba.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yananichemka pale sebuleni kwa Lubowa, na makofi bado yakisikika nje. Nilipanda juu ya kochi, viatu vyangu vikiwa miguuni, nikaitungua ile picha. Mmoja wa wale wasichana akashtuka. "Jjajja, unapeleka wapi picha ya babu?"

"Si ya babu yako. Nimeipiga mimi, na kuna mtu ndani ya picha hii. Mwambie huyo mwenye suti yuko aliyepotea, jina lake Odong."

Nikatoka nayo kwapani katikati ya waombolezaji, na hakuna aliyethubutu kunigusa. Nilipanda bodaboda mpaka Kyebando. Nilijua nyumba ya Aber, nimeijua miaka yote hii na kuipita mbali. Aber alikuwa uani anapepeta simsim, mwembamba, kichwa cheupe. Nikasema kabla sijakaa, maana ningekaa nisingesema. "Aber, alikuja kazini siku ile. Nilikuwa naye. Nilikudanganya."

Hakuacha kupepeta. "Kopo langu lilikuwa kwenye rafu yenu," akasema. "Wewe ulifikiri mimi mjinga miaka yote hii?"

Nilimpa picha. Aliiweka mapajani juu ya ungo, akauliza yuko wapi, nikamwonyesha kushoto kwa mlango, pale ukuta ulipo laini kupita kiasi. Akaweka kidole gumba pale, akakiacha. Nikaanza kumweleza juu ya kamera mbili, ya mbao na ya chuma, akanikata.

"Hiyo najua. Aliniambia jioni ile ile. Alisema, mimi nilitaka ile ndogo, Zubeda amechagua ile nzito. Nikamwambia basi kataa kwenda. Akasema hapana, yule msichana anajua majengo, picha itatoka nzuri." Akainua macho, kwa mara ya kwanza. "Haya, wewe ndiye unajua. Ilitoka nzuri?"

Sikuwa na uongo mwingine uliobaki.

"Ndiyo," nikamwambia. "Imenyooka kabisa."